Karte ya Kwanza ya Papa Piston

Karibu na daraja la Lukuga, mbele ya ligablo ya Mama Lucie, kibanda chake cha biashara, kuna banc ya mbao ambayo watu wanaiita Sena, kwa sababu wanaokaa pale wanajadili kila kitu na hawapitishi sheria hata moja. Mama Lucie anauza kahawa ya tangawizi kutoka thermos mbili kubwa. Papa Norbert, aliyefanya kazi ya reli mpaka akastaafu, anaitwa Shefu Gare. Nafasi yake ni upande wa ukuta na hakuna anayemunyang'anya. Djo, wa taxi-moto, anaitwa Reseau, kwa vile habari ya muntu inafika kwake kabla ya kumufikia mwenyewe. Na Germain, fundi wa mota za boti, ni Papa Piston. Asubuhi ile Piston alitoka banki, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti, hakuagiza kitu. Mama Lucie akamumiminia kikombe bila kuuliza.

— Wamekukatalia, Shefu Gare akasema.

— Hawakukataa. Wamesema sina historique.

— Historique ya nini?

— Ya deni. Sijawahi kukopa, basi hawajui kama ninalipa.

Djo akaweka kikombe chini.

— Ngoja nielewe. Mwizi aliyekopa akalipa, wanamujua. Weye usiyekula feza ya muntu, hawakujue?

— Njo vile.

Djo akacheka, lakini Germain hakucheka. Binti wa banki, Laetitia, alikuwa na adabu kabisa. Alitafuta jina lake katika mashine, akatafuta tena, akamwambia pole pole: «Papa, huku hauonekane.» Neno lile lilimuingia. Nusu ya mota zinazolia bandarini zilikwisha kulala mikononi mwake, na kumbe kuna mahali ambapo yeye ni hewa tu.

Wote pale Senani walijua sababu ya kwenda banki. Boti ya maternité, ile inayoleta wamama wajawazito kutoka vijiji vya pwani, ilikuwa imevutwa juu ya mchanga tangu mvua zianze. Pompe ya maji inayopoza mota ilikufa. Wafanyabiashara walileta nyingine kutoka Kigoma mara mbili: ya kwanza iliyeyuka kama mushumaa, ya pili haikuingia hata kwa nyundo. Ya kweli iko Dubai, katika duka linalouza kwa internet, na duka lile linapokea karte ya banki tu. Germain alijiapiza mbele ya watu kwamba ataifufua boti ile. Mutoto wake wa mwisho, Glody, alizaliwa ndani yake, katikati ya maji, mbele ya kufika Kalemie.

— Sasa wamekupa njia gani? Mama Lucie akauliza.

— Karte mbili, nichague. Ya kwanza ya garantie: ninaweka nusu ya feza, wanaifungia, nusu ingine wananiamini. Nikilipa vizuri mwaka mzima, wanafungua. Ya pili rangi ya dhahabu: siweke kitu, lakini faida yao iko kali, na muntu wa mushahara lazima anisainie.

— Ya dhahabu, Djo akasema palepale. Haraka haraka haina baraka, basi ichukue leo.

— Hiyo methali inasema kinyume, Mama Lucie akasema.

— Inategemea nani ana haraka. Nilibeba papa moja wa Lubumbashi mwenye ile ya dhahabu. Aliitoa tu mufukoni, sentinele wa hoteli akasimama wima. Hakuuliza jina.

Shefu Gare akakohoa, kama anavyofanya akitaka watu wanyamaze.

— Sikieni. Dawa ya deni ni kulipa. Germain hana deni, maana yake hana ugonjwa. Na muntu muzima hawezi kupewa fishi ya hospitali. Banki iko na haki.

— Kwa hiyo augue kwanza? Mama Lucie akauliza.

— Augue kidogo. Tena awe mwangalifu. Mumeona kile kidude kinachong'aa juu ya karte? Kile ni sikio. Ukisema mubaya juu ya banki, faida inapanda usiku huohuo.

— Si sikio, ni jicho, Djo akasema. Kila Jumatano banki zote za dunia zinakaa mukutano, zinasoma majina. Jina lako likisomwa, muzungu moja anauliza: huyu wa Kalemie, anakula nini?

— Basi watamwambia anakula visamaki vya ndakala na bukari, Mama Lucie akasema, na hawatamukopesha hata siku moja.

Hapo Germain mwenyewe alitabasamu. Halafu Shefu Gare akageuka, akamuangalia uso kwa uso, na sauti yake haikuwa tena ile ya Sena.

— Hiyo sinyatire ya mushahara. Pensheni yangu inahesabika?

— Inahesabika, Papa.

— Basi nitakusainia. Twende sasa.

Pensheni ya Shefu Gare ni ya kuchelewa na ni kidogo, na nyumba anayokaa na wajukuu ndiyo mali yake yote. Germain aliangalia viatu vya muzee yule, vilivyosuguliwa rangi kama vile gari-moshi lingefika saa ile.

— Hapana, Papa Norbert. Mota ikinishinda, ninaweza kuificha chini ya turubai. Nikishindwa kulipa, nyumba yako nitaificha wapi?

Muzee akamushika Germain bega, akaliachia.

Djo akapiga kofi juu ya magoti yake.

— Nimepata. Historique tunaitengeneza hapahapa. Mama Lucie, mukopeshe kahawa. Piston, kunywa, lipa. Mukopeshe tena. Mpaka saa sita atakuwa na historique kubwa kuliko depite wa bunge.

— Kahawa yangu si shule, Mama Lucie akasema. Lakini alimimina.

Germain alikunywa kwa deni, akalipa. Akakopa tena, akalipa. Shefu Gare naye akataka kuwa shahidi, na shahidi hawezi kukauka koo. Djo akasema shahidi moja hatoshi. Wakaenda hivyo, huku Djo akitangaza kila malipo kwa wapita njia, mpaka Mama Lucie alipoinamisha thermos ya pili na yakatoka matone matatu na tangawizi ya chini.

Njo wakati ule alifika Emilie. Alikuwa muzalishaji mupya wa maternité, ametumwa kutoka Kirungu, hajamaliza hata mwezi moja, bado anavaa triko ya sufu asubuhi kama vile yuko juu ya milima ya baridi ya Marungu. Aliwasalimia wote, akaomba kahawa, akaambiwa imeisha kwa sababu ya historique. Wakamueleza. Alisikiliza karte mbili zile, sikio, jicho na mukutano wa Jumatano.

— Na banki inataka malipo tarehe gani, Papa Germain?

— Tarehe tano, kila mwezi.

— Na wavuvi wanakulipa tarehe gani?

Djo aliangalia Shefu Gare. Shefu Gare aliangalia daraja. Mama Lucie alianza kufuta kikombe ambacho kilikuwa safi.

Maana ndakala wanavuliwa wakati wa giza, taa zikiwashwa juu ya maji meusi. Mbalamwezi ikitoka samaki wanatawanyika, boti zinalala, na hakuna mvuvi anayemulipa fundi. Giza haina tarehe. Leo inaangukia mwanzo wa mwezi, kesho katikati. Germain aliishi kwa kalenda ile tangu utoto, na asubuhi nzima ile haikumujia akilini.

Alisimama, akarudi banki. Mbele ya Laetitia hakuuliza habari ya rangi ya karte.

— Binti yangu, ninaweza kulipa mbele ya tarehe yenu?

— Hata kesho, Papa. Wakati wowote feza inaingia.

— Basi nipe ile ya garantie.

Aliweka akiba yake, akatia sinyatire yake peke yake. Karte ilikuwa ya kijivu, bila urembo wowote; siku ileile akaagizia pompe Dubai. Giza ya kwanza alilipa kutoka mukononi mwa wavuvi moja kwa moja, hakupita hata nyumbani. Ya pili ilikuwa nzuri, akalipa na kuweka pembeni. Ya tatu upepo wa kusini ulivuruga ziwa, boti zikarudi na ndoo tupu. Akalipa kwa ile ya pembeni, na muke wake Godelieve alipika mboga bila samaki juma zima, hakulalamika, alisema tu kwamba na yeye jina lake liandikwe kule banki.

Pompe ilifika ndani ya sanduku ya karto ndogo hivi kwamba Djo aliuliza ingine iko wapi. Germain aliifunga muchana moja, peke yake, akakataa musaada. Siku ya pili asubuhi habari ilitoka kijiji cha kusini: mama mwenye mapacha, uchungu umeanza, mutoto moja amekaa vibaya. Emilie akaja mbio na sanduku lake, triko imefungwa kiunoni. Vijana wa bandari wakasukuma boti majini, Shefu Gare akisukuma pamoja nao ingawa walimukataza.

Germain akavuta kamba. Mota ikakohoa, ikashika. Kwa muda maji ya kupoza hayakutoka. Kisha ubavuni mwa mota maji yakaruka, uzi mwembamba, ulionyooka.

— Iko sawa? Emilie akauliza.

Germain alikuwa ameweka kiganja chini ya yale maji, anayasikia yakipita vidoleni, ya baridi, na hakuutoa mukono wake mpaka walipopita mwisho wa bandari na kugeukia kusini.