Kilo Sita na Kitu

Ndugu zangu, mlio nyuma mnanisikia? Haya. Sikuja kuhubiri, niliyoyapitia yanatosha.

Mnajua mimi ni karani wa kupima majani chai pale kituoni. Zamani tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, mkulima anauona mshale kwa macho yake. Halafu ikaletwa ya kompyuta. Unaweka kikapu, kilo zinatokea kwenye skrini, mimi nabonyeza tu. Nilifurahi sana, nikajua kelele za mizani zimekwisha.

Kumbe ndiyo zinaanza. Akina mama wakawa wanapitia kwa posho mill, pale pa kusaga unga, kupima kwanza kwa mizani ya huko. Huko kikapu ni kilo sita na kitu, kwangu ni sita kavu. Kila mara kinapungua, hakizidi hata siku moja. Wakaniuliza hicho kitu kinaenda wapi.

Wakubwa wa kiwanda wakaja kukagua. Wakaleta vile vyuma vya kupimia, cha kilo tano na cha kilo kumi. Skrini ikasema tano, ikasema kumi. Wakasema mashine ni safi, kwa hivyo waulize karani. Ndugu zangu, nawaambia, hapo nilifungiwa kila upande. Nikikaa kazini, mimi ni mwizi. Nikiacha, mimi ni mwizi aliyetoroka. Nikawa napima huku watu wakitazama mikono yangu. Hata humu kanisani, na msinikasirikie, wengine wenu mlihama benchi nilipoketi.

Mama yangu naye huleta majani kwangu. Watu wakasema, huyu hata mamake hamhurumii. Jioni moja akaniwekea chakula, akaketi karibu.

"Niambie mimi tu, mwanangu. Ulichukua?"

Maneno ya sokoni nilikuwa nimeyazoea, lakini hayo ya mama yalinimaliza. Nililia kama mtoto, na bado sikuwa na la kumwonyesha.

Basi akatumwa dada mmoja, ndiye aliyeandika programu ya ile mizani ya kompyuta. Naye akapima vyuma. Tano, kumi. Akaanza kufunga kompyuta yake. Nilijua akiondoka, nimeisha. Mama alikuwa kwenye foleni. Nikachukua kikapu chake, nikakiweka kwenye mizani mwenyewe.

"Dada, hapa hakuna mtu analeta vyuma. Pima majani."

Angeweza kupanda gari aende zake. Hakwenda. Alifungua tena kompyuta, akatazama kile mizani yenyewe inatuma kabla hakijafika kwenye skrini. Sita nukta saba. Skrini ikasema sita.

Alitueleza hivi. Mizani inatumia lugha moja ya kompyuta, programu ya ofisi inatumia nyingine, kwa hivyo aliandika kipande cha katikati cha kupitisha namba. Hicho kipande alikiambia kipokee namba nzima tu. Kikipewa sita nukta saba, kinapeleka sita na kutupa inayobaki, kimya kimya, bila kuonyesha kosa popote. Vyuma vilipita salama kwa sababu havikuwa na nukta ya kutupwa. Kisha akasimama mbele ya foleni nzima akasema karani hakuiba, kosa ni lake. Mimi niliketi chini palepale kwenye matope.

Namshukuru yule dada, maana kusema vile mbele ya watu wenye hasira si mchezo. Nawashukuru mlionipa mkono hata kabla ya ukweli kujulikana. Na nyinyi wengine, nawaomba jambo moja. Kabla hujamwita mtu mwizi, kapime kile anachobeba kila siku, usipime vyuma.

Mama alirudi kwenye foleni kesho yake, dada akiwa amesharekebisha kile kipande. Skrini ikasema sita nukta nne. Aliisoma kwa sauti, nukta na yote, mpaka wa mwisho kwenye foleni akasikia. Halafu akanipa mkono, mbele yao wote, akakataa kuuachilia.