Jokhni Tharu, Aliyemwekea Tularam Matanga Akiwa Hai

Marehemu Jokhni Tharu alizaliwa mwaka 1966 hapa Khairapur, wilaya ya Bardiya, mtoto wa tatu wa mzee Pattu na mama Dukhni, ambao walimtumikia mwenye shamba maisha yao yote.

Utotoni hakusoma. Akiwa na miaka minane alikuwa akisugua masufuria ya mwenye shamba. Aliingia darasa la watu wazima mwaka 2005, na mwalimu alipotaka kila mmoja aandike kwanza jina lake, Jokhni aliandika la mumewe, kisha la Tularam, msimamizi wa shamba. Mwalimu akamuuliza kama huyo wa pili ni ndugu yake. Akasema hapana, ila hataki kumsahau.

Alifunga ndoa na Lautan Tharu tarehe 9 Februari 1984. Lautan alikuwa mtu wa utani. Sikukuu moja ya Maghi alikula vitumbua vya mvuke mpaka ungo ukabaki mtupu. Jokhni akamwambia, “Baba Khusiram, ungembakizia mbwa.” Akajibu, “Mbwa naye atafute mke.” Jokhni aliisimulia habari hiyo kila Maghi, na kila mara alicheka yeye kwanza.

Julai 2000 serikali iliwaacha huru watumishi wa mashamba waliofungwa na madeni, na Lautan ndiye aliyewasemea wenzake kudai ardhi. Wakapata viwanja kando ya mfereji. Tarehe 11 Aprili 2002, wakati wa vita vya serikali na waasi, saa nne asubuhi, askari walifika. Tularam alikuwa mbele yao, akamwonyesha Lautan kwa ncha ya mwavuli. Lautan alikuwa akisuka wavu, wakamchukua na uzi ukiwa bado mkononi. Kesho yake Jokhni alimfuata Tularam kumuuliza mumewe yuko wapi. Tularam alisema, “Alitaka ardhi. Amepata.”

Kwa maneno hayo Jokhni alijua kwamba Tularam anajua mahali.

Kwa miaka kumi na miwili alilima mpunga, akafuga nguruwe, akaongoza kamati ya familia za waliopotezwa, akabisha hodi kila ofisi. Mwaka 2014 alikwenda kuandikisha kiwanja kwa jina la watoto. Karani alidai cheti cha kifo cha mume. Jokhni alisema hana maiti. Karani akamjibu, “Mama, maiti haihitajiki. Sahihi yako inatosha.” Alikataa kutia sahihi, lakini jibu hilo alirudi nalo nyumbani.

Desturi inasema aliyepotea miaka kumi na miwili afanyiwe mtu wa nyasi, achomwe mtoni, na matanga yaishe. Ndugu walikuwa wakimsihi afanye hivyo. Tarehe 14 Aprili 2014 alikubali, na kijiji kizima kikashuka mtoni Babai. Mganga wa kijiji alipouliza jina la marehemu, Jokhni alitaja la Tularam.

Mganga akasimamisha mkono. “Mama Khusiram, mtu huyo nimemwacha dukani anakunywa chai.”

“Hata mimi nimemwona,” Jokhni alisema. “Lakini maiti haihitajiki. Choma.”

Akachoma. Jokhni alikaa matanga siku kumi na tatu, akawalisha watu wali na konokono, na tangu siku hiyo hakuitikia salamu ya Tularam wala hakupokea kitu mkononi mwake. Kijiji kikamfuata. Kwenye karamu Tularam hakutandikiwa jani la kulia chakula. Alipokwenda polisi, askari wa zamu alimuuliza anashtaki nini, kuuawa?

Machi 2019 Tularam alikuja uani kwa Jokhni. “Mama Khusiram, binti yangu anaolewa na hakuna atakayekuja. Nipe maji tu, watu waone.”

Jokhni hakumtazama. Alimwambia mkwewe, “Mwambie marehemu aseme walipomweka Lautan. Akisema, maji nitampa kwa mkono wangu.”

Tularam aliutazama mfereji kwa muda mrefu, akaondoka. Harusi ile ililiwa na watu saba.

Jokhni aliugua figo kuanzia Juni 2023. Wiki ya mwisho alimwagiza Khusiram mambo mawili: kiwanja kibaki kwa jina la Lautan, na maji yasitolewe mpaka mahali paonyeshwe. Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024, saa sita mchana.

Ameacha mume, Lautan, ambaye hatumwiti marehemu kwa kuwa waliomchukua hawajatuonyesha alipo, mwana, Khusiram, binti, Asarfi, na wajukuu wanne. Tularam, ambaye baadhi yenu mnaona kama amesimama pale kwenye ua na mwavuli wake, hatumtaji miongoni mwa walioachwa. Yeye alitangulia, tarehe 14 Aprili 2014.

Jokhni apumzike. Tularam asipumzike mpaka aseme.