Herufi F ya Paskalia

Mmegeuza shingo, wasikilizaji wapendwa. Paskalia wa Bigwa amefariki juzi, na ninyi mnaulizana bei ya kabichi. Nasema tena: Paskalia wa Bigwa, karani wa ushirika wetu wa wakulima wa mboga.

Soko huria lilipoingia, ushirika ulinunua kompyuta moja. Wakulima elfu na mia mbili wa milimani wakaorodheshwa humo. Asiyekuwamo, mboga zake hazipandi lori. Kila asubuhi makarani tuliandika jina la programu, kistari, kisha F. F ilikuwa fungua. Orodha inafunguka, kazi inaanza.

Akaja Eustace, mtaalamu kutoka Dar. Akabadilisha amri. F ikawa futa. Fungua ikapewa herufi nyingine. Akayachapa mabadiliko yake karatasini, yakaguliwe kwanza kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta.

Karatasi ilianzia kwangu. Ndiyo, mimi ninayesema nanyi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada, na nilijiona bingwa. Nikaandika "sawa". Ikaenda kwa Paskalia. Binti yake, Prisca, ananiambia: "Mama alizisoma zile karatasi kama anachambua mchele. Punje kwa punje." Paskalia akaizungushia F wino mwekundu.

"Kesho watu watabonyeza F kwa mazoea," akasema. "Orodha yote itafutika, na nakala hatuna."

Eustace akacheka. "Herufi moja tu, mama! Dar tunakwenda na wakati."

"Nenda nao, baba. Orodha tuachie."

F ikabaki fungua. Orodha ikapona. Kwenye mkutano mkuu akasifiwa nani kwa kuilinda orodha? Eustace! Nami nilijua ukweli, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wivu, wasikilizaji. Niliona bora asifiwe mgeni kuliko yule niliyekaa naye meza moja. Hata leo, Paskalia akiwa jenezani, lile jicho lake kali bado nalionea wivu.

Prisca, na ukoo wote huko Bigwa, poleni sana. Nasi wengine tujiulize: ni nani tuliyemnyima sifa yake kwa sababu tu tulikuwa tunamjua?

Kitabu cha historia ya ushirika kinapelekwa kuchapwa leo saa tisa alasiri. Ukurasa unaosimulia habari za kompyuta una jina la Eustace peke yake. "Maua sitaki," anasema Prisca. "Mama aandikwe." Zimebaki saa mbili tu. Wewe ambaye kabichi zako zilipanda lori, zima redio. Nenda ofisi ya ushirika, Mafiga. Mwambie katibu aandike Paskalia, na usiondoke mpaka umeona ameandika. Inuka!