Mablanketi Saba ya Wageni na Sweta Moja ya Mama

Jina la Bwana na litukuzwe kwanza, ndugu zangu, kwa maana nikishaanza kusema huenda nikasahau adabu. Wazee wa kanisa wameniomba nishuhudie jinsi Mungu alivyonitoa kifungoni, nami nitashuhudia. Ila mtu asitarajie kuniona nikibubujikwa na machozi ya furaha. Wako waliokombolewa wakatoka wakiimba. Mimi nilitoka nimeuma meno, na tangu Krismasi iliyopita sijayaachanisha.

Tukitaja kifungo mahali hapa, fikira zetu huenda kwenye pombe au uganga. Changu kilikuwa mfuko wa safari, ule wa mistari ya buluu na nyekundu ambao takriban kila mmoja wetu anao chini ya kitanda hapa Kitale, akiungoja Desemba.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Kimilili, upande unaopanda kuelekea mlimani, na baridi ya huko haina mzaha. Kwetu kuna desturi ambayo bila shaka mnaijua, kwa kuwa wengi wenu mnayo. Baada ya chakula cha Krismasi, mifuko ya waliotoka mjini huletwa sebuleni na kufunguliwa mbele ya ukoo na majirani. Mfunguaji ni Senge, dada ya marehemu baba yangu, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Hutoa kitu kimoja kimoja, hukiinua, humtaja aliyekileta, na watu hupiga vigelegele kwa kadiri ya ukubwa wa kitu chenyewe.

Kwa miaka saba nilimpelekea mama blanketi kila Krismasi. Nasema yale mazito, yenye picha ya simba au maua makubwa, yaliyofungwa katika mfuko wa nailoni wenye zipu. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili na uandishi wa barua katika chuo kimoja cha makatibu, na ingawa mshahara ulikuwa mwembamba, blanketi halikukosekana. Kabla sijafika nilikwisha kujua ni vigelegele vya namna gani vinaningoja. Nilivipenda, ndugu zangu. Nitakuwa mnafiki nikikana.

Kisha kompyuta zikaingia mjini, mashine za chapa zikakosa wanafunzi, na chuo kikafungwa. Nikabaki mtaa wa Kibomet katika chumba kimoja, nikifundisha watoto wa majirani jioni na kulipwa mara kwa unga, mara kwa ahadi. Desemba ilipofika, niliutazama mfuko wangu, nikaona kwamba sina cha kutia ndani yake. Nikapiga simu kwenye duka la kijijini, nikaomba mama aambiwe kwamba ninaumwa na siwezi kusafiri. Mwaka uliofuata nilisema ninasimamia mitihani. Mitihani gani hufanywa siku ya Krismasi? Hakuna aliyeuliza. Mwalimu huaminiwa, na mimi nilimdanganya mama yangu mzazi kwa kutumia imani hiyohiyo.

Mungu aliniinulia mtu sokoni. Septemba ya mwaka wa tatu nilikuwa nikichagua vitunguu, mwuzaji mmoja, mama aliyetoka Kamukuywa, jirani na kwetu, akanikazia macho.

"Wewe si ni Nekesa wa Mama Wafula?"

"Ndimi."

"Na mamako alipona vizuri?"

"Alipona nini?"

Akaacha kupima. "Nichomi. Si alilazwa wiki mbili mwezi wa saba? Ati hukujua?"

Nilimwambia sikujua.

"Walisema mwalimu ako na kazi mingi, asisumbuliwe," akasema, na kwa huruma akaniongezea vitunguu viwili.

Hivyo uongo wangu ulikuwa umefanya kazi yake barabara. Mama yangu alikuwa amelala hospitalini akipumua kwa shida, na watu wa nyumbani waliniheshimu kiasi cha kutonijulisha. Nilirudi Kibomet nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nilimkasirikia ndugu yangu aliyebaki nyumbani, nikamkasirikia mkurugenzi wa chuo, nikamkasirikia Mungu. Niliomba, naam, lakini maombi yangu yalifanana na mashtaka. Niliapa kwamba Krismasi ile nitakwenda hata kama nitatembea, na kwamba mama atavaa kitu cha joto kutoka mkononi mwangu. Mkononi mwenyewe hamkuwa na kitu.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mama Wanjiru, aliyekuwa akifuma sweta za shule kwa sindano mbili alizozitengeneza kutoka spoki za baiskeli. Nilipomweleza shida yangu hakunipa pole. Alisema, "Nenda pale wanauza mitumba, jioni wakifunga, ile saa wanamwaga sweta chini. Chukua yenye imetoboka. Fumua, osha, fuma upya. Nani atajua?"

Nilikwenda. Nikachagua sweta moja nzuri ya rangi ya zambarau, kubwa, laini. Nikakaa kitako, nikakata mshono, nikavuta uzi. Ukanijia wa urefu wa mkono, ukakatika. Nikavuta mwingine, ukakatika palepale. Baada ya saa mbili nilikuwa na lundo la vipande visivyoweza kufuma hata soksi ya mtoto mchanga.

Mama Wanjiru aliangalia lundo lile, akacheka hadi akashika ukuta. "Mwalimu, wewe umesoma vitabu yote, mshono ndiyo hujasoma. Hii ilikatwa na makasi kiwandani kama kitambaa, halafu ikashonwa kando na cherehani. Kila mstari ni uzi yake. Unataka ile imefumwa kipande kwa kipande, mshono yake inafunguka kama mnyororo. Geuza ndani, angalia, halafu ndiyo ununue."

Tangu jioni ile nilizigeuza sweta ndani nje mbele ya wauzaji waliodhani natafuta chawa. Nilipata nne zilizofaa: mbili za kahawia, moja ya kijani, moja nyekundu ya mtoto. Nilizifumua kutoka juu, nikauzungusha uzi kwenye migongo ya viti viwili, nikauosha, nikauanika huku nimeufungia chupa ya maji kwa chini ili mikunjo inyooke. Kisha nikaanza kufuma. Nilifuma kwa hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Mishono yangu ya mwanzo ilikaza mno, hata Mama Wanjiru akaniamuru nifumue tena. "Hii utavalisha nani, mlango?" aliuliza.

Kufikia Desemba nilikuwa na sweta ya mama, shali ya Senge, na kofia tatu za watoto wa ndugu yangu. Sweta ilikuwa ya kahawia, ila uzi uliniishia nilipofika mabegani, nikalazimika kuimaliza mikono kwa rangi ya kijani. Nauli niliipata kwa kufundisha watoto wawili zaidi.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada na chakula, mfuko wangu uliwekwa mezani. Niliuona unavyolegea, hauna uzito. Nilitamani kuondoka. Mama alikuwa ameketi kwenye kona, amekonda, akikohoa kikohozi kikavu ndani ya kanga.

"Haya, tuone Kitale," Senge akasema. "Miaka mbili tumengoja. Lazima iwe ni kitanda."

Watu wakacheka. Akatoa kofia, watoto wakazinyakua wakatoka nje mbio. Akatoa shali, akaigeuza, akaiweka begani mwake. Kisha akainua sweta kwa vidole viwili.

"Hii nayo? Mwili kahawia, mikono kijani. Kwani mikono ilisoma shule ingine?"

Sebule nzima ililipuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ni yunifomu ya kuhama," nao wakacheka upya. Hapakuwa na kigelegele hata kimoja. Ndugu yangu alitazama viatu vyake.

"Leta hapa," mama akasema.

Akaivaa juu ya gauni lake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akaendelea kuketi. Aliendelea kukohoa, nami, kwa kutafuta sababu ya kuondoka mbele za watu, nikasema nitamletea blanketi la kujifunika miguu. Nikaingia chumbani kwake.

Ndugu zangu, sikilizeni kwa makini. Juu ya kitanda cha mama yangu palikuwa na blanketi moja la kijivu, jembamba, lililotoboka katikati, na juu yake gunia la sukari lililofuliwa. Hayo ndiyo aliyokuwa akijifunika. Nikafungua sanduku. Ndani yake yalikuwa mablanketi yangu saba, yamepangwa, kila moja katika nailoni yake, zipu imefungwa, simba wamenitolea macho.

Nilimwita. Akaja polepole, akasimama mlangoni na sweta yake ya rangi mbili.

"Mama, haya ni nini?"

"Ni ya wageni."

"Na ulipougua nichomi?"

"Wageni walikuja kuniona. Wakalala. Tukawatolea."

"Na wewe?"

Alikaa kitandani, akasema kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto, "Nekesa, hizo watu waliziona zote. Walizipigia kelele. Nikilalia moja ichakae, Senge wako akikuja kukagua atasema situnzi vitu ya watoto wangu. Hizo si zangu. Ni za ile siku." Kisha akaupapasa mkono wa sweta. "Hii wameicheka. Hakuna mtu atakuja kuikagua. Hii ni yangu."

Nilipigwa na neno hilo kuliko nilivyopata kupigwa na mahubiri yoyote. Miaka saba nilikuwa nimewanunulia majirani kitu cha kutazama, nikamwachia mama yangu ulinzi wa kukitunza, na ulinzi huo karibu umuue. Nilikuwa nimemfunga kwa zawadi zangu. Na miaka miwili niliyojificha Kibomet kwa aibu, nilikuwa nikiionea aibu neema, kwa sababu ndiyo miaka pekee ambayo sikumwongezea mzigo.

Nilibeba mablanketi mawili hadi sebuleni. Zipu ya kwanza ilikataa, nikairarua nailoni kwa meno mbele ya ukoo wote.

"Nekesa, weka chini," Senge akasema. "Umepandwa na nini? Hiyo ni heshima ya mamako."

"Heshima haina kifua, Senge. Mama anacho. Alilala chini ya gunia mwezi wa saba, na mablanketi yamo sandukuni kwa sababu anakuogopa wewe. Na alikuogopa kwa sababu yangu, maana mimi ndiye niliyekuletea vya kuinua."

Nilingoja anitukane; alikuwa na haki na umri wa kufanya hivyo. Senge aliiokota nailoni iliyoraruka sakafuni, akaikunja.

"Mimi niko na nne," akasema. "Kwa sanduku. Watoto waliniletea. Sijawahi kufungua."

"Unajifunika nini?"

"Koti ya marehemu bwanangu."

Hakuna aliyecheka. Alijizungushia ile shali mara mbili shingoni, akaketi, na tangu hapo mifuko iliyobaki haikufunguliwa na mtu. Kila mwenye mfuko alimpa mama yake mkononi, pembeni. Alasiri hiyo mimi na mke wa ndugu yangu tulitandika kitanda cha mama kwa mablanketi mawili, moja chini na moja juu, na gunia tukalipeleka jikoni. Mama alilalamika kwamba tunaharibu vitu. Tulimwacha alalamike.

Namshukuru Mungu aliyeninyima mshahara nikapata macho. Namshukuru kwa mwuzaji wa vitunguu, na kwa Mama Wanjiru ambaye hata si mshirika wa kanisa hili. Namshukuru kwamba kikohozi cha mama kilikwisha kabla ya mwezi wa pili. Lakini hasira sijaikabidhi kwake, na nitawaambia sababu. Jumapili ijayo, hapa hapa, tutasimamishwa kama kila mwaka, na kila mmoja ataulizwa anawapelekea nini watu wa nyumbani, na mwenye kitu kikubwa atapigiwa makofi, na asiye na kitu ataombewa kana kwamba ana pepo. Mimi sitasimama. Nawasihi wazee wetu, kwa unyenyekevu wote nilio nao, ambao leo ni kidogo, waifute desturi hiyo.

Na kwako uliyeketi hapa huku umekwisha kuandaa uongo wa mwaka huu, uwe ni ugonjwa, zamu ya kazi, au mtoto anayeota meno: nakujua, kwa kuwa nilikaa kwenye benchi hilo hilo. Mungu niliyemshtaki hakunikataa, hatakukataa wewe. Mwamini, uende nyumbani na ulicho nacho. Kama huna kitu, mlango wangu wa Kibomet uko wazi kila Jumamosi na sindano zipo. Nitakufundisha kusoma mshono. Na utakapofika kwenu, kabla hujaufungua mfuko mbele ya mtu yeyote, ingia kwanza chumbani kwa mama yako, uinue anachojifunika, ukishike kwa mkono wako.