Dada Yetu Ndiye Aliyechora Ukumbi wa Kioo

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, katika chumba kilichokuwa cha kulala na cha kushonea. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

Alianza shule mwaka 1968. Gauni lake la buluu lilipomfupikia, mama alitaka kuliongeza upindo kwa kitambaa kilichokaribia kufanana nalo. Dada akakataa. "Mama, hiki kitaonekana kinadanganya. Weka cha kijivu, kila mtu ajue limeongezwa." Wenzake walimcheka, kisha wakawasumbua mama zao wawawekee cha kijivu. Alihitimu usanifu majengo mwaka 1986, wa kwanza darasani.

Aliajiriwa mwaka huohuo na bwana ambaye leo ameketi mstari wa mbele, mwenye miwani myeusi. Karibu sana, mzee. Mwaka 1997 ofisi yake ilipewa kazi ya kuongeza ukumbi wa kusomea kwenye maktaba kongwe ya mawe. Mzee alitaka matao ya saruji yapakwe rangi ya mawe. Dada akachora ukumbi wa kioo na chuma, mfupi kuliko paa la zamani, uliosogea kando kama mjukuu anayempisha bibi yake. Watu wanaupiga picha mpaka leo. Siku ya ufunguzi, jiwe lilipofunuliwa, jina lililochongwa lilikuwa moja, na halikuwa lake. Alipouliza aliambiwa, "Wewe bado kijana, zamu yako itakuja." Haikuja. Asante ya punda mateke.

Mwaka 1999 aliolewa na fundi bomba aliyeweka mifereji ya ukumbi huo. Shemeji alimwita "Mbunifu Mkuu" hata alipokuwa anaosha vyombo. Mwaka uliofuata dada aliacha kazi. Hakuwa ameondoka sawasawa, mzee akaubadilisha mfereji wa pale kioo kinapokutana na mawe. Tangu hapo panavuja. Wakiziba huku, maji yanatokea kule.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Januari hii mzee alikuja wodini na machungwa. Hali hakumjulia, aliuliza panazibwaje. Dada akamenya chungwa, akala lote, akamwambia, "Muulize aliyechora, mzee. Jina lake si liko ukutani?" Nilicheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Dada alifariki tarehe 14 Februari, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, na mdogo wake mwenye kinyongo ambaye hakifichi. Hotuba ya mzee tumeiondoa kwenye ratiba. Dawa ya pale panapovuja, shemeji anayo, dada alimwachia. Siku jina lake litakapochongwa kwenye lile jiwe, shemeji atapanda juu na kupaziba. Kabla ya hapo hapandi mtu, na mvua ziko njiani.

Dada yetu apumzike kwa amani. Mzee aandae ndoo.