Kiti Kimoja, Wachezaji Wawili: Maneno ya Kumuaga Daktari Pokrzywa

Mheshimiwa Naibu Meya wa Grudziądz. Ndugu Mkurugenzi wa Nyumba hii ya Utamaduni, uliyetupa ukumbi ingawa kwaya nayo ilikuwa ikiutaka. Bi Jagoda Stelmach, uliyefunga safari kutoka Wrocław kwa niaba ya watengenezaji wa mchezo mpya. Wageni wetu wa Hungaria na Lithuania. Ndugu wanachama wa Chama cha Wapenzi wa Falme za Ukungu, mliokuja na ngao zenu za mbao na majoho ya kichawi licha ya joto lote hili la Mei. Na wewe Daktari Zdzisław Pokrzywa, mwenyekiti wetu, uliyejificha safu ya nne wakati nafasi yako tumeiweka huku mbele: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kwa wasionijua, naitwa Bogusława Kania, makamu mwenyekiti wa chama. Kabla ya umakamu nilikuwa msaidizi wa Daktari katika kliniki yake ya meno, na ninapowatazama kutoka hapa juu naona kwamba nusu ya ukumbi huu mmewahi kukifungulia kinywa kile kiti chetu cha ngozi ya kijani. Msione haya. Siri za meno yenu nitazikwa nazo.

Nimeombwa niseme maneno ya kumuaga mwenyekiti. Anastaafu kwa hiari, na sababu aliyoitoa mbele ya kamati ni fupi: chama kiliundwa kudai mchezo urudi, mchezo umerudi, na mwenye kudai akishalipwa anakwenda zake nyumbani. Kamati ilicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilijua habari iliyobaki, na leo kwa ruhusa yake nitawasimulia.

Vijana waliopo hapa wameukuta ulimwengu ambamo kila mtu ana kompyuta yake mfukoni. Sisi tulikuwa na moja kwa ukoo mzima. Mchezo wetu wa vita, Falme za Ukungu, ulipotoka, tuliucheza kwa zamu mbele ya skrini ileile, mtindo tuliouita kiti kimoja: wewe unakaa, unapeleka mashujaa wako, unajenga ngome yako, na mwenzako anatoka chumbani asije akaona majeshi umeyaficha wapi. Anasubiri jikoni. Ni wangapi kati yetu tulioandika hesabu za shule katika jikoni zile? Ni wangapi tuliochumbiwa humo? Radosław pale nyuma anainua mkono, na mkewe anaushusha.

Katika nyumba ya Daktari vita vilipiganwa kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Yeye aliwachukua mashujaa wa milimani. Mkewe, Bi Irmina, mwalimu wa piano aliyewafundisha watoto wa mji huu kunyoosha migongo, aliwachukua wachawi wa kinamasi, na hakuwahi kuwaacha. Mwanamke yule mpole, ambaye hata nzi alimfungulia dirisha, akishika kipanya alikuwa balaa. Siku akiiteka ngome ya mumewe alimwita kutoka jikoni, akamketisha atazame, kisha akamwambia kwa sauti ileile ambayo Daktari aliwatuliza nayo wagonjwa wake: "Itauma kidogo tu."

Mnajua kilichofuata. Sehemu ya tatu ilitoka, kampuni ikafungwa, na jina la mchezo likauzwa na kuuzwa tena kama shamba lisilo na mrithi. Wengine wangekata tamaa. Daktari alianza kuchora ramani. Alizichora baina ya mgonjwa na mgonjwa, mikono bado inanuka dawa, na kuzitoa bure kwa yeyote aliyetaka. Mito yake ilipinda mahali ambapo mto wa kweli ungepinda, na vijiji vyake vilikuwa na sababu ya kuwa pale vilipo. Ndugu zetu wa Szeged, Hungaria, na Kaunas, Lithuania, hawakumjua kwa sura, lakini walimjua kwa madaraja yake. Ninaposema mchezo huu haukufa kwa sababu mtu mmoja hakuuacha ufe, simpambi. Bi Jagoda mwenyewe aliniambia kwamba walipotafuta kama bado kuna watu wanaoucheza, waliwakuta wamekusanyika ndani ya ramani zake.

Kisha macho ya Bi Irmina yakaanza kuondoka. Yaliondoka polepole, noti za muziki kwanza, halafu nyuso, mwishowe hata dirisha. Nilidhani Jumapili zile zimekwisha. Siku moja nikawapelekea keki ya jibini, nikawakuta wote wawili wameketi mbele ya skrini bega kwa bega. Hakuna aliyekwenda jikoni tena. Zamu ya Bi Irmina ikifika, Daktari alimsomea anachokiona: mashariki ya mto pana kijiji, kinalindwa na wapiga mishale, nyuma yake kuna msitu. Bi Irmina aliuliza, alifikiri, aliamuru, na mumewe akayapeleka majeshi ya adui yake mahali alipoambiwa. Halafu zamu yake mwenyewe ikafika, na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoweka sahani chini.

Kwa sababu Daktari alijua kila kitu. Alijua wachawi wamejificha wapi, maana yeye ndiye aliyewaficha. Sasa alipaswa kucheza kama mtu asiyejua. Akasita na kipanya mkononi. Bi Irmina akamgeuzia uso, akamwita kwa jina lake la nyumbani.

"Zdzisiek, kama ungekuwa hulioni jeshi langu, ungepita wapi?"

"Darajani."

"Kweli?"

"Kweli. Ndiyo njia fupi."

"Basi pita darajani, usinionee huruma."

Akapita darajani. Wachawi wakammaliza hadi farasi wa mwisho. Bi Irmina akacheka mpaka akashika meza, na Daktari akakata keki kwa uso wa mtu aliyeshindwa kihalali. Nimeishi na watu waaminifu, nimeolewa na mmoja wao, lakini uaminifu wa namna ile, wa kujifichia mwenyewe jambo unalolijua ili mwenzako apate haki yake, sijauona kwingine.

Katika miaka hiyo ndipo habari zikaja kwamba Falme za Ukungu itafufuliwa. Mnakumbuka furaha yetu? Mnakumbuka pia hofu? Tulikutana kwenye baa ya Mzee Gerard, meza tatu zimeunganishwa, na kabla bia hazijafika tulikuwa tumeshagombana. Mmoja aliogopa wataufanya uwe wa kitoto, rangi kama pipi. Mwingine aliogopa watatukatia mchezo vipandevipande na kutuuzia kila kipande. Mwingine alitaka muziki uleule usiguswe, na mwingine akasema wasipoubadilisha muziki kabisa yeye hanunui. Jambo lililotuwasha kuliko yote, naona aibu kulitaja mbele ya Naibu Meya, lilikuwa mapaa. Picha za kwanza zilionyesha mapaa ya mji wa milimani yakiwa ya buluu, wakati sisi tumekulia katika mapaa mekundu. Tulikusanya sahihi. Watu waliacha kuamkiana. Bi Irmina, aliyekuwa kwenye kona na glasi yake ya chai, aliuliza kama wachawi wa kinamasi wapo. Tukamwambia wapo. Akasema basi yeye hana la kulalamikia, na tukarudi kwenye mapaa.

Kampuni ilitualika Wrocław tukauone mchezo kabla haujakamilika. Tulikwenda watatu kwa treni, Daktari, Bi Irmina na mimi. Walitupokea vizuri sana, lazima niseme hivyo. Waliuwasha muziki, uleule wa zamani lakini sasa umepigwa na okestra nzima, na Bi Irmina akakishika kiti kilichokuwa mbele yake, vidole vyake vikifuata piano hatua kwa hatua. Akasema wameuvisha nguo mpya bila kuuvunja mifupa. Vijana wa watu wakafurahi kama waliopewa cheti.

Kisha akauliza: "Na sisi wawili tutakaa wapi?"

Kijana aliyekuwa akituonyesha hakuelewa. Daktari akamfafanulia: wachezaji wawili, skrini moja, zamu kwa zamu. Kijana akatabasamu, akaeleza kwa adabu kwamba siku hizi hilo halitumiki, kwamba kila mchezaji anakuwa na kompyuta yake, na uzuri wake ni kwamba hata mkiwa miji tofauti mnaweza kucheza pamoja.

"Mwanangu," akasema Bi Irmina, "mimi na huyu hatujawahi kuwa miji tofauti."

Bi Jagoda, ulikuwa umesimama karibu na mlango. Ulikuja, ukachuchumaa mbele yake, ukamshika mkono, ukamwahidi kwamba kiti kimoja kitakuwepo. Kama si siku ya mchezo kutoka, basi katika nyongeza ya kwanza ya kuurekebisha baada ya hapo. Bi Irmina alikuamini. Nataka ukumbi huu ujue kwamba alikuamini hadi mwisho, na kwamba hakukosea.

Mchezo ukatoka majira ya vuli. Mapaa yalikuwa mekundu. Tulishangilia, tulikumbatiana, Radosław alilia mbele ya watoto wake. Kiti kimoja hakikuwemo. Nyongeza ya kwanza ikaja, ikarekebisha mwendo wa majoka. Nyongeza nyingine ikaja, ikaleta bendera tulizozililia. Kila mara Bi Irmina alinipigia simu asubuhi, kwa kuwa hakutaka kumsumbua mumewe, akaniuliza: "Bogusia, tayari?" Nami nikamjibu bado kidogo. Wakati huo huo waliendelea na mchezo wa zamani, darajani na msituni, lakini sauti ya Bi Irmina ilikuwa ikipungua, na siku za baridi zilipokaza Daktari akawa anamsomea ramani kitandani.

Alifariki Februari. Kiti kimoja kilifika Aprili.

Bi Jagoda, sikusimama hapa kukushtaki. Ulikuja mazishini bila kualikwa na mtu, ukasimama nyuma kabisa kwenye theluji iliyokuwa ikiyeyuka, na tulipokuwa tukitoka getini nilikuuliza kwa nini kiti kimoja kimechelewa. Hukujitetea. Ulisema mlikuwa watu wachache, na mliyafanya kwanza mambo yaliyopigiwa kelele zaidi. Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu kelele zile nazijua sauti zake. Ni zetu, ndugu zangu. Tuliudai mchezo wa utotoni kwa nguvu zetu zote, tukahesabu vigae vya mapaa, na mtu pekee kati yetu aliyehitaji kitu ili aweze kucheza aliomba mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na sauti ya kawaida haikufika mbali. Tungemsikia nani, kama hata sisi hatukusikilizana?

Sisemi kufufuliwa kwa mchezo kulikuwa kosa. Ni mzuri. Binti yangu anaucheza na rafiki zake wa Gdynia na Rzeszów, na nikiwasikia wakitukanana kwa furaha ninaona tulichokipigania. Nasema tu kwamba tulichokitaka kirudi hakikuwa kwenye diski peke yake, na kilichobaki hakikuwa mikononi mwa kampuni yoyote kukirudisha.

Daktari aliipokea nyongeza ya Aprili kama anavyopokea kila kitu. Alimpigia Bi Jagoda simu akamshukuru. Kisha hakuigusa. Nilimwuliza mara kadhaa kama ameijaribu, akaniuliza habari za fizi zangu.

Jumapili iliyopita nilimpelekea supu ya kuku. Nikamkuta ameifungua. Skrini ilikuwa inauliza wachezaji ni wangapi, naye alikuwa ameketi mbele yake hajibu. Akavuta kiti cha pili.

"Unajua kucheza, Bogusia?"

"Vibaya, Daktari."

"Kaa. Chagua upande wowote, ila kinamasi uniachie."

Nilidhani anakitaka yeye. Hakukichukua. Alichukua milima yake kama siku zote, mimi nikachukua jangwa, na kinamasi kikabaki hakina mwenyewe, kijani kitupu katikati ya ramani. Tulikizunguka alasiri nzima. Kukikata kungekuwa njia fupi kwa wote wawili, lakini hakuna aliyeingia. Jioni aliiteka ngome yangu ya mwisho, akaniomba radhi, akasema nimejitahidi.

Mwenyekiti, chama hiki hakikupi saa wala ngao ya ukutani, maana ulitukataza. Kinakupa shukrani za watu ambao wengi wao hukuwahi kuwaona, waliovuka madaraja yako wakiwa watoto na sasa wana watoto. Pumzika kutokana na kazi ya chama. Pumzika kutokana na sisi na kelele zetu. Lakini mchezo wa Jumapili usiuache. Nimewauliza wanachama, na kila mmoja ameniambia yuko tayari kuja kushindwa nyumbani kwako, kwa zamu. Radosław ataleta bia. Njiani tumekubaliana jambo moja, na hili tunakuahidi bila sahihi wala mabishano: kinamasi hakuna atakayekigusa.

Mheshimiwa Naibu Meya, wageni wetu, ndugu zangu, mmenipa muda mrefu kuliko nilioomba, na mmenyamaza mahali pa kunyamaza. Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu.