Mama Swichi, Mhandisi wa Nyumba Zisizobagua Mtu

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanda maghorofa ambayo bado hayajawekewa ngazi, mhandisi wetu mkuu wa nyumba janja anastaafu. Kadi ya mwaliko imeandika jina lake kamili na vyeo vyake vyote, lakini ukifika mapokezi ukalitaja jina hilo utaulizwa unamtafuta nani. Hapa kazini tunamjua kama Mama Swichi.

Jina hilo alilipata alipokuwa bado mgeni katika kitengo cha umeme. Siku hizo swichi za taa ziliwekwa usawa wa bega la mtu mzima aliyesimama, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Yeye alilazimika kujiuliza. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa akiishi nao, alitumia kiti cha magurudumu. Jioni moja Mama Swichi alirudi kutoka kazini akamkuta mama huyo ameketi gizani, mikono mapajani, akisubiri mtu yeyote aingie amwashie taa. Hakunung'unika. Alisema tu, "Karibu, mwanangu. Nilikuwa napumzisha macho."

Maneno hayo yalimchoma kuliko lawama. Kesho yake alifika kwenye ujenzi na kiti cha ofisini chenye magurudumu, akaketi, akaanza kujisukuma kwa miguu chumba hadi chumba, penseli mkononi, akitia alama ukutani kila mahali mkono wake ulipofika bila kujinyoosha. Mafundi walicheka hadi wakashika mbavu. Msimamizi akauliza kama wahandisi wa siku hizi wanapewa na kengele za baiskeli. Yeye alicheka pamoja nao, akaendelea kutia alama. Swichi zikashuka, na hazijapanda tena hadi leo.

Mimi niliyetwishwa kazi ya kuandika haya nimekaa naye ofisi moja miaka mingi, na naweza kushuhudia kwamba kicheko chake hufika kwenye lifti kabla yake. Naweza pia kushuhudia kwamba hajawahi kuchora hata mstari mmoja kabla ya kwenda kunywa chai nyumbani kwa mteja. Akifika huko, maswali yake hayafanani na ya mhandisi. Nani huamka wa kwanza? Nani anaogopa giza? Bibi hujishikiza wapi akienda kuoga? Jua likiwa kali mnahamia chumba gani? Mteja mmoja alitupigia simu akilalamika kwamba tulimtumia mtu wa ramani, naye ameondoka na siri zote za ukoo.

Tusimpambe kupita kiasi. Ni yeye aliyebuni madirisha yanayofunguka yenyewe yakinusa moshi. Wazo zuri, ila katika nyumba ya majaribio mpishi alikaanga vitunguu siku ya mvua kubwa. Nyumba ikaona hatari, ikafungua madirisha yote kwa mkupuo, na makochi mapya yakaoga. Mama Swichi aliitwa, akafika, akakamua mto mmoja kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamwambia mpishi, "Usiogope, shemeji. Wewe na vitunguu hamna kosa. Nyumba hii haijafundishwa jikoni." Ikafundishwa.

Baadaye ukaja mtindo wa nyumba zinazosikia sauti. Unaiambia taa iwake, inawaka. Unaliambia pazia lifunguke, linafunguka. Nyumba yetu ya kwanza ya aina hiyo ilinunuliwa na watoto wa fundi cherehani mmoja aliyekuwa amepata kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito, nao walitaka baba yao asihangaike tena. Siku ya makabidhiano mkurugenzi wetu wa wakati huo alisimama katikati ya sebule, akaliamuru pazia. Likafunguka taratibu, kwa madaha. Tukapiga makofi. Kisha akamwomba mzee mwenyewe ajaribu.

"Washa taa," mzee akasema. Sisi tulimwelewa. Mkewe alimwelewa. Nyumba haikumwelewa.

"Samahani, sijakusikia. Tafadhali rudia," ikamjibu kwa sauti tamu.

Mzee akarudia, mishipa ya shingo imemsimama. Ikamwomba radhi tena, kwa utamu uleule. Kufikia hapo kila mtu alikuwa anatazama sakafu. Mzee akamgeukia mkewe, akamshika kwa ule mkono wake mzima.

"Twende zetu, mama watoto. Nyumba hii ina wenyewe."

Mkurugenzi akaanza kueleza kwamba mtambo utamzoea polepole. Mama Swichi, ambaye hakuwa kwenye orodha ya wazungumzaji, akasogea mbele. "Bosi, mgonjwa hapa ni nyumba, si mzee. Nyumba hii haikabidhiwi leo." Keki ilikuwa imeshakatwa. Wageni wakaila wakaondoka, na jioni ile wengi wetu tuliamini kwamba tumempoteza mteja na huenda na mhandisi pia, maana mkurugenzi alipanda gari bila kumuaga.

Wiki iliyofuata alikwenda nyumbani kwa mzee, kwenye nyumba ya zamani. Hakumuuliza habari za ugonjwa. Alimuuliza habari za kazi. Cherehani ilikuwa bado pale pembeni, imefunikwa kitambaa. Wakati mzee anajikongoja kwa maneno kueleza jinsi ya kukata kola, Mama Swichi aligundua kwamba mguu wake wa kushoto, ambao kiharusi hakikuugusa, ulikuwa ukipiga sakafu taratibu chini ya meza.

"Baba, huo mguu unashona nini?"

Mzee akautazama mguu wake kama vile ni wa jirani. "Unashona hewa," akasema, akacheka. Mkewe alitoka jikoni mbio kuja kuona, kwa kuwa alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu mzee aanguke.

Nyumba ilipokabidhiwa kwa mara ya pili, ilikuwa na pedeli. Pedeli bapa, za mpira, mfano wa ile ya cherehani: moja kando ya kitanda, moja chini ya kiti chake cha sebuleni, moja karibu na mlango. Akikanyaga mara moja, taa. Mara mbili, pazia. Akikanyaga bila kuachia, kengele inamwita mkewe. Mzee alizunguka nyumba nzima akiwasha na kuzima, amenyoosha mgongo kama mtu aliyerudi kazini. Malalamiko pekee tuliyopokea yalitoka kwa mkewe, kwamba sasa anaitwa kila dakika kama mhudumu wa hoteli. Na mkurugenzi yule aliyepanda gari bila kuaga ndiye aliyeamuru kanuni ya Mama Swichi iandikwe kwenye kila mkataba wetu: chochote nyumba inachokifanya kwa kuambiwa, ikifanye pia kwa mkono, kwa mguu au kwa kuguswa.

Vita vyake vingine alivipigana na kitengo cha mauzo. Tulipopewa kazi ya kujenga mtaa wa bondeni, alitaka soketi zipandishwe juu ya kina cha maji ya mafuriko, betri za sola zikae darini, maji ya paa yaingie kwenye matangi, na kila mlango wa umeme uwe na kitasa cha kawaida kinachozungushwa kwa mkono. Mkuu wa mauzo akang'aka kwamba watu hununua sebule, hawanunui betri. "Sebule yenye samaki ndani hainunuliki," akajibiwa. Mkutano ukaisha kwa kicheko, na michoro ikapita.

Miaka michache baadaye mto ulivunja kingo zake. Umeme wa mji ukakatika, mabomba yakakauka, na milango ya umeme ya majengo jirani ikagoma, watu wakatolewa madirishani. Katika mtaa wa bondeni maji yaliingia yakalamba kuta, lakini taa ziliendelea kuwaka na vitasa vikazunguka. Kabla mvua haijakatika, akina mama wa mitaa mingine walikuwa wanavuka maji na vifuko vya dawa za kisukari zinazoharibika kwa joto, wakiomba nafasi kwenye majokofu yaliyokuwa bado na baridi. Hakuna dawa iliyoharibika. Mkuu wa mauzo, tumsifu kwa hili, alikwenda mwenyewe hadi mezani kwa Mama Swichi, akasema, "Dada, betri nimezinunua."

Nyumbani kwake mambo ni tofauti. Mumewe ameniruhusu kufichua kwamba mhandisi wetu mkuu amepika miaka mingi chini ya taa inayowashwa kwa kuipiga kofi. Mganga hajigangi. Mume anasema sababu kubwa ya kushangilia kustaafu huku ni kwamba fundi sasa atapatikana.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa nyumba ya wanandoa wawili: mume hasikii, mke haoni. Kengele ya mlango wao inalia kwa ajili ya mke na inamulika taa kwa ajili ya mume. Ukingo wa meza ya jiko unatetemeka kidogo chini ya kiganja jiko likiwa la moto. Kuta zina mistari ya kuguswa, laini kuelekea chumbani, yenye chembechembe kuelekea jikoni.

Mimi na Mama Swichi tulikwenda kuwatembelea wiki mbili baada ya wao kuhamia. Katika vyumba vyote vya kupanga alivyoishi, mke yule alikuwa amezoea kushikwa mkono akaonyeshwa pa kukaa. Safari hii alitufungulia mlango mwenyewe. Akatangulia bila kupapasa, akapita meza, akafika sebuleni, akatugeukia.

"Karibuni. Mama, wewe kaa hapa, kuna mto. Mwenzako akae pale, dirishani pana upepo. Nawaletea maji."

Mama Swichi alikuja na mkoba wa vifaa, tayari kupima na kukagua. Aliuweka chini, akaketi pale alipoonyeshwa, na hakuufungua. Mwenye nyumba akarudi na maji, nasi tukanywa.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya wote wanaoingia makwao bila kuomba msaada wa mtu, asante. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, wewe na shemeji yetu, na siku zenu ziwe tamu na ndefu. Sisi tutakuja kukuona. Utatuonyesha pa kukaa.